Gari moja, wikiendi moja, rimu za kizamani

Haya ndo niliyoyaongea Jumamosi iliyopita pale Sinza, kwenye mkutano wetu sisi tunaounganisha gari ndogo za plastiki. Wengi mliniandikia kwamba mvua iliwazuia, wengine mlikuwa kazini, mkaomba niyaweke yote. Nimeyaweka kama nilivyoyasema, picha za ukutani tu ndo nimeziacha.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za saa hizi.

Nashukuru sana mmekuja. Najua Jumamosi ya Dar ilivyo, mtu ana msiba Mbagala, ana kikao cha harusi Tegeta, nyumbani fundi bomba anamsubiri, na mvua yote hii, alafu bado umepanda daladala umekuja kukaa hapa umsikilize mtu anaongelea gari yenye urefu wa sentimita 17. Nawashukuru kutoka moyoni.

Naomba nianze na swali. Wangapi humu ndani mna boksi nyumbani ambalo hamjawahi kulifungua? Nyoosheni mikono, msione haya. Sawa, shusheni. Sasa wangapi mna boksi mlilifungua, mkakata vipande viwili vitatu, mkaanza kupiga msasa, alafu mkalifunga mkaliweka juu ya kabati? Eeh. Mnaona wenyewe. Mikono ya mara ya pili imekuwa mingi kuliko ya kwanza.

Kwahiyo leo naongelea kumaliza. Kumaliza haraka, gari moja kwa wikiendi moja, Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni, na ikiisha iwe gari ya kutazamwa, mgeni akiingia sebuleni asogee karibu aangalie. Na naongelea rimu, zile za kizamani, kwa sababu katika yote niliyojifunza kwenye hii kazi ya mikono sijaona kitu kinachobadilisha sura ya gari kwa muda mfupi kama rimu.

Niwape habari ya mzee mmoja. Wengine mlimfahamu. Alikuwa fundi redio Magomeni, na kimeza chake nje ya duka la dawa, na ndo yeye aliyenifundisha kushika kisu kidogo bila kujikata, ndo yeye aliyeniambia kipande cha plastiki hukinyofoi kwa mkono, unakikata mbali kidogo kwanza, alafu unarudi unakata karibu taratibu. Huyu mzee alipokuwa kijana Korogwe aliwahi kusimama pembeni ya barabara akaziona gari za mashindano ya Safari Rally zikipita. Si mnajua zamani yale mashindano hayakuwa ya Kenya peke yake? Yalianza 1953, na kwa miaka mingi yalizunguka Kenya, Uganda na huku kwetu, hata mkazi wa hapahapa Tanzania, Bert Shankland, aliyachukua mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiendesha Peugeot 404. Ila mzee moyo wake haukuwa kwenye Peugeot. Moyo wake ulikuwa kwenye Datsun 240Z. Ile iliyoshinda 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta. Nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimpige dereva machoni. Akikuelezea alikuwa anaanza na injini, silinda 6 mstari mmoja, lita 2.4, alafu anafumba macho anasema ilikuwa inalia kama khanga mpya inayochanwa.

Kijana wake anayeishi nje akamletea boksi la 240Z, saizi ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari ya kweli. Mzee alifurahi, akalifungua siku hiyohiyo. Alafu akaanza kusubiri. Anasubiri apate nyekundu yenyewe hasa ya Datsun. Anasubiri waya mwembamba wa kutengenezea nyaya za plagi. Anasubiri kitambaa cha mikanda ya siti. Anasubiri picha ya injini iliyopigwa kwa juu. Miaka sita anasubiri. Mzee alitangulia mbele ya haki mwaka juzi, na baada ya arobaini familia wakanipa lile boksi. Nilipolifungua nikakuta bodi imepigwa msasa upande wa kushoto tu, upande wa kulia bado una ile mistari ya kiwandani. Na ndani ya bodi kuna kipande cha msasa kimekunjwa mara nne, namba 600, kona moja imelika pale alipokuwa anaweka kidole gumba.

Nilikaa nacho mkononi muda mrefu.

Jamani, tunasubiri nini? Naomba kila mtu ajiulize mwenyewe. Lile boksi lililopo juu ya kabati lako, linasubiri nini?

Ndo maana la kwanza ninalowaomba mlishike ni hili: kabla hujakata kipande chochote, amua nini hutafanya. Tumezoea kupanga nini tutafanya, na ile orodha haiishi, kila ukiangalia kazi ya mtu mwingine kwenye simu unaongeza kitu. Geuza. Chukua karatasi ya maelekezo, chukua kalamu nyekundu, futa. Mimi kwenye ile 240Z nilifuta injini nzima, boneti nimeibandika ikafunga. Nikafuta nyaya za plagi. Nikafuta mikanda ya kitambaa. Chini ya gari nimepiga nyeusi moja tu na bomba la moshi nikalipitishia rangi ya fedha, basi, nani atailaza gari chali sebuleni kwako? Ndani nyeusi yote, ambayo gari nyingi za aina ile zilikuwa hivyo kweli, na usukani nikaupaka rangi ya mbao kwa sababu usukani wake ulikuwa na sura ya mbao na ni kipande cha dakika mbili kinachoonekana vizuri kupitia dirishani.

Kuna ndugu yetu mmoja aliniuliza, sasa si umemkosea mzee, yeye alitaka injini? Nimelifikiria hilo swali siku nyingi na nitamjibu mbele yenu. Mzee alitaka injini, ni kweli. Ila kabla ya injini mzee alitaka kuiona imesimama kwenye tairi zake nne. Hicho ndo hakukipata. Injini ipo, nimeihifadhi kwenye mfuko wake, kesho na keshokutwa mtu akitaka kuijenga peke yake ataijenga. Lakini gari imesimama.

Haya, la pili ni la muda.

Pale Manzese ninaposhukia jioni kuna mama anauza chapati. Naomba siku moja msimame mumwangalie, msinunue tu mkaondoka. Ana chapati moja kwenye kikaango. Wakati ile inaiva anasukuma nyingine. Wakati anasukuma, madonge mengine yamelala chini ya kitambaa yanapumzika. Na katikati ya hayo anakurudishia chenji. Umewahi kumuona mama chapati amekaa ameshika tama anaitazama chapati inavyoiva? Hata siku moja! Sasa mbona sisi tunakaa tunaitazama rangi inavyokauka?

Muda wa rangi kukauka ndo muda wa kazi. Muda wa gundi kushika ndo muda wa kazi. Mtu anakwambia gari imemchukua mwezi, ukimhesabia saa alizoshika kitu mkononi hazifiki kumi na tano, zilizobaki alikuwa anasubiri.

Kwahiyo Ijumaa saa kumi na mbili jioni unaosha vipande vyote vikiwa bado kwenye fremu zake, maji na sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kwa sababu plastiki inatoka na mafuta ya kalibu na rangi haishiki juu ya mafuta. Vikikaukia chini ya feni wewe unapiga msasa bodi, ile mistari ya kiwandani inayopita kwenye fenda na pembeni ya paa, msasa wa maji namba 600, alafu 1000. Kabla hujalala piga andakoti. Kama gari ni nyekundu weka andakoti nyeupe au ya pinki, usiweke ya kijivu nzito, nyekundu juu ya kijivu inakuwa kama damu iliyolala. Jumamosi ndo rangi. Mkono wa kwanza unapita mwepesi kabisa, kama vumbi, plastiki bado inaonekana chini na unaiacha hivyohivyo. Robo saa, dakika ishirini, mkono wa pili. Tena unasubiri, mkono wa tatu ndo unaujaza mpaka uone inang'aa kama imelowa. Na katikati ya mikono yote hiyo unapaka siti, unapaka dashibodi, unapaka rimu. Jumapili kuunganisha. Ni hivyo tu, hakuna siri nyingine.

Kopo la rangi ya kupuliza liloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, rangi inatoka laini zaidi. Ya uvuguvugu, yale unayoweza kuogeshea mtoto. Maji ya moto hapana, na jiko usilisogelee kabisa, kopo lile lina presha. Na fungua madirisha, vaa barakoa, watoto wakae mbali mpaka harufu iishe. Na rangi na thinner za gereji, zile za kupakia gari kubwa, usizipige moja kwa moja kwenye hii plastiki yetu, zinaila, utaona bodi imekuwa na ngozi kama ya chungwa iliyokauka.

Ila hapa Dar kuna adui mwingine na huyu nataka nimwongelee vizuri, kwa sababu aliniumiza. Ilikuwa Aprili, masika yenyewe. Bodi ya mzee, ileile, nimeshaipiga mikono miwili safi kabisa, nikasema namalizia wa tatu nilale. Saa nne usiku, barazani, mvua imetoka kukatika, mabati bado yanadondosha maji. Nikapiga. Ilitoka nzuri, nikaiweka chini ya ndoo vumbi lisiingie. Nusu saa baadaye nafunua ndoo nakuta paa na boneti vimeota ukungu mweupe, ile nyekundu imekuwa kama kioo cha daladala mvua ikinyesha na watu wamejaa ndani. Nilikaa chini barazani, mke wangu akatoka akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumjibu.

Kilichotokea ni hiki. Hizi rangi za kopo zinakauka kwa thinner kuruka hewani, na ikiruka kwa kasi inaupoza ule uso wa rangi. Sasa hewa yetu ya masika imejaa unyevu, ikigusa uso uliopoa unyevu unageuka maji pale na kunaswa ndani ya rangi, ndo ule weupe. Rangi yenyewe haijaharibika. Usiikwangue, usiitupe. Subiri siku kavu, piga mkono mwepesi juu yake wakati hewa ni kavu, rangi ya chini inalainika kidogo na ule unyevu unapata njia ya kutoka. Ya mzee ilirudi yote isipokuwa kidoa kimoja karibu na kioo cha nyuma, hicho nilikipiga msasa namba 2000 nikakirudia.

Tangu siku hiyo masika napiga rangi kati ya saa sita na saa tisa mchana, siku ambayo jua limetoka, mimi nikiwa kivulini. Usiku sipigi. Alfajiri sipigi, alfajiri ya Dar unyevu ni mwingi mno, we angalia shuka lililosahaulika kwenye kamba. Juni mpaka Septemba unapumua, hewa inakuwa nyepesi, tatizo linabaki upepo na vumbi, mwagia sakafu maji kidogo vumbi litulie alafu pigia ndani ya boksi kubwa la kufungashia lililolazwa ubavu.

Sasa tuje kwenye rimu. Hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndo nilipotaka kufika tangu asubuhi.

Wangapi mlitengeneza gari za waya mkiwa watoto? Mnaona, karibu wote! Sisi Magomeni tulikuwa tunaokota waya, tunaunda bodi, mti mrefu wa usukani unaendesha umesimama. Na tairi tulikuwa tunakata kwenye ndala zilizochakaa. Mnakumbuka ile harufu ya ndala ukiikata na kisu kilichopashwa moto? Kulikuwa na mwenzetu mmoja, bodi ya gari yake ilikuwa ya kawaida tu, waya umepinda hapa na pale, ila tairi zake alikuwa anachora kwanza kwa kufuata mdomo wa kopo la dawa, anakata duara kamili, alafu anachukua vizibo vya soda anavigonga na jiwe viwe bapa na kuvibandika katikati. Rimu hizo! Gari yake ikipita mtaani hakuna aliyeangalia waya. Tulikuwa tunaangalia chini, zile rimu zinavyozunguka zinamemeta. Na iliyokatwa vibaya ilikuwa inaruka ruka kama kuku mwenye mguu mmoja, hata ungeipamba vipi juu.

Jicho la mtu linaenda kwenye tairi. Lilikuwa linaenda tukiwa na miaka saba na bado linaenda. Na kitu kingine, rimu ndo inayokwambia gari ni ya mwaka gani. Chukua hiyo 240Z, gari iliyoanza kuuzwa Japani 1969 kwa jina la Fairlady Z, iwekee rimu kubwa za siku hizi, inchi 18, tairi nyembamba kama mkanda, unaona kabisa kuna mtu ameiokota juzi akaitengeneza. Iwekee rimu ndogo ya spoku nane, tairi imejaa, umeirudisha barabarani kwenye zama zake. Bodi ileile, rangi ileile.

Hizo spoku nane zina historia. Uingereza miaka ya 1960 kulikuwa na Minilite, rimu za magnesi, nyepesi kuliko zile za chuma, zikawa maarufu kwenye gari za Mini za mashindano. Wajapani nao wakawa na zao, RS Watanabe, ndo zile ukiona picha za Datsun za zamani zilizopendezeshwa mara nyingi unazikuta. Rimu ikiwa nyepesi gari inapita vizuri kwenye mashimo, na nafasi kati ya spoku na spoku inapitisha hewa ya kupoza breki. Na ile rangi yake ya kijivu kizito haikuwa mapambo tu, magnesi ikiachwa uchi inaliwa na unyevu na chumvi, lazima ifunikwe. Sisi watu wa pwani tunalijua hilo, angalia mageti yetu.

Sasa kwenye saizi ya 1/24 unafanyaje? Kwanza pima. Rimu ya inchi 14, ambayo ndo 240Z ilitoka nayo kiwandani, kwenye saizi yetu ni kama milimita 15 kasoro kidogo. Ya inchi 15 ni karibu milimita 16. Ya inchi 17 ni milimita 18. Tofauti inaonekana ndogo ukiisema, iweke kwenye gari uone. Kwahiyo ukinunua seti ya rimu peke yake, kuna makampuni ya Kijapani kama Aoshima wanaziuza na tairi zake, soma inchi kwenye boksi, usichague kwa picha. Alafu hesabu nati! Hii 240Z ina nati nne kila rimu. Nimeona gari nzuri sana, imepakwa kwa uangalifu, ina rimu ya nati tano, na mwenye kujua Datsun akiinama tu anaiona.

Kama rimu imekuja na kromu ya kiwandani, ile inayong'aa kama kijiko kipya, itoe. Hizi rimu za spoku nane za zamani hazikung'aa vile. Zamisha kwenye jiki, ileile ya kufulia nguo nyeupe, kwenye kopo lenye mfuniko, uwe umevaa glavu, na usichanganye jiki na dawa nyingine yoyote ya usafi. Nyingine zinatoka nusu saa, nyingine zinalala humo. Ukitoa unasuuza, unapiga fedha yote kwa kopo. Ikikauka vizuri unachukua rangi ya enamel, ile ya mafuta, kijivu kizito kama chuma cha bunduki, unaipunguza iwe nyepesi, unaidondosha katikati kwa brashi ndogo. Inatembea yenyewe, inaingia kwenye pembe za spoku. Ikivuka ikagusa mdomo wa nje wa rimu usiwe na wasiwasi, unachukua kijiti cha pamba cha masikio, unakilowesha kidogo kwenye thinner ya enamel, unaufuta ule mdomo kwa kuuzungusha mara moja. Fedha ya chini haitoki kwa sababu ni rangi ya aina nyingine. Unabaki na duara la fedha nje, spoku za kijivu ndani, mstari umenyooka kuliko ambavyo ungeweza kuuchora kwa mkono. Rimu nne, dakika arobaini. Nati nazigusa na ncha ya kijiti cha meno kilichochovya fedha.

Na tairi msizisahau. Zinatoka kwenye boksi nyeusi inang'aa na ule mshono katikati. Tairi iliyotembea barabarani haibaki na mshono ule. Shika msasa namba 400, kavu, sugua tairi pale inapogusa barabara mpaka mshono uishe na ule mng'ao uondoke, iwe kama kijivu cha vumbi. Hapo imetembea. Hapo imetoka Korogwe.

Mwisho wa hili la rimu ni ukaaji. Milimita moja kwenye gari yetu ni milimita 24 kwenye gari ya kweli. Nani ameshawahi kuweka rimu za kununua pembeni akakuta tairi imetoka nje ya fenda? Imetoka milimita mbili tu, lakini kwa gari ya kweli hiyo ni karibu sentimita 5, trafiki angekusimamisha. Kwahiyo usigundishe kwanza. Shikiza rimu kwa plastisini ya watoto, weka gari mezani, inama macho yako yawe sawa na sakafu ya gari, angalia kwa mbele, angalia kwa nyuma. Imetoka? Punguza ekseli kwa wembe, kidogo kidogo, unajaribu tena. Tena weka gari juu ya kioo, mimi nina kipande niliomba kwa fundi vioo Ilala, alikikata vibaya akanipa bure. Juu ya kioo tairi moja ikiwa hewani utaiona hapohapo. Mezani hutaiona, meza zetu zimepinda. Mimi ya mzee ilikuwa imenyanyua tairi ya nyuma kulia, unene wa karatasi, na ilinichukua saa nzima ya Jumapili kuirudisha chini. Saa nzima kwa unene wa karatasi, wakati injini nzima niliiacha kwa kalamu moja nyekundu. Hiyo saa sijutii hata dakika yake.

Vioo vya dirisha nitasema kwa kifupi, muda unaenda. Usibandike kwa supagluu. Ule mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo, na kwenye unyevu wetu ndo zaidi, nimepoteza kioo cha mbele cha gari nzuri kwa sababu hiyo. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani na ikimwagika unafuta kwa kitambaa kibichi.

Kuna kijana pale nyuma aliniuliza mlangoni, je kama sina hela ya kuagiza rimu? Swali zuri, nilimwahidi nitalijibu mbele ya wote. Humu ndani kila mtu ana rimu zilizobaki. Kila boksi linalokuja na aina mbili za rimu, moja inabaki. Nimemwomba kila mmoja wenu alete, na mmeleta, Mungu awabariki, zipo kwenye lile kopo la maziwa pale mezani, nimehesabu seti kumi na moja kamili. Nne kati yake ni spoku nane. Mwenye boksi lililolala nyumbani na hana rimu achukue seti moja, vijana waanze.

Na gari ya mzee ni ile nyekundu karibu na dirisha. Ilianza Ijumaa, ukiacha ile wiki niliyosubiri jua kwa ajili ya ukungu, ikaisha Jumapili saa kumi na moja jioni. Upande wa kushoto ni msasa wake yeye, sikuurudia, nilipiga andakoti juu yake hivyohivyo. Kesho naipeleka Magomeni kwa mjukuu wake, ana miaka tisa, ameshaniuliza kwenye simu mara tatu kama tairi zinazunguka. Zinazunguka. Njooni muishike kabla haijaondoka, ila ishikeni kwa chini, kwenye chesisi, nyeusi ya boneti bado changa.